Lipa kwa simu Tanzania: hatua za kufuata, na sheria iliyo nyuma ya kila hatua

Ukiingia genge lolote mjini leo utakuta kibandiko cha lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, kimegandishwa ukutani. Wenye vibandiko karibu wote wanajua kupokea pesa. Ni wachache wanaojua pesa ile ikishaingia inalindwa na nani, makato yamepangwa vipi, na mlango gani wa kugonga muamala unapokwama. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwenye biashara ndogo na mteja wake. Kila hatua ina kanuni nyuma yake, na kanuni hiyo ni haki unayoweza kuidai mbele ya wakala, mbele ya kampuni ya simu, hata mbele ya Benki Kuu.

Kabla ya kuanza: nani ana kauli juu ya nini

M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 hakukuwa na sheria ya pesa za simu. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) iliziruhusu kampuni kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, zikishirikiana na mabenki, huku yenyewe ikiangalia mambo yanakwendaje. Sheria yenyewe ilikuja baadaye: Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, pamoja na kanuni zake za pesa za kielektroniki na za utoaji leseni. Tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kuendesha mfumo wa malipo bila leseni ya BoT, awe kampuni ya simu au kampuni ya teknolojia.

Kariri mgawanyo huu, utakuokolea nauli na muda. Jambo la pesa (muamala, makato, salio, wakala aliyekukata zaidi) ni la mtoa huduma wako kwanza, kisha BoT. Jambo la laini, usajili wake na ujumbe wa kitapeli ni la Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Ukiibiwa, ni polisi, na ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya kumshtakia mwizi. Na kama mtu amesambaza taarifa zako, namba zako au picha ya kitambulisho chako, hiyo sasa ina tume yake, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022.

Hatua ya 1: Hakikisha laini ni yako

Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Mwenye jina kwenye usajili ndiye mwenye pesa machoni pa mtandao. Piga *106# kwenye simu yako, fuata maelekezo, uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, uikane na ifungwe. Usiseme utakwenda wiki ijayo. Namba hiyo ikitumika kutapeli watu, jina litakaloonekana ni lako.

Kwa mwenye duka jambo hili lina uzito zaidi. Biashara nyingi zinapokea pesa kwenye laini ya kijana wa dukani, au ya ndugu aliyekuwa na kitambulisho wakati mwenye duka hana. Siku kijana akiondoka na simu, au akifariki, mauzo yako yako kwenye jina lake. Akifariki, familia yake ndiyo itakayodai, na itaulizwa nyaraka za usimamizi wa mirathi. Wewe mwenye bidhaa utabaki unaeleza. Pata kitambulisho chako, sajili laini ya biashara kwa jina lako, na umpe msaidizi uwezo wa kuona malipo tu. Mitandao mingi inaweza kuunganisha namba ya muuzaji ipokee ujumbe wa malipo bila kuweza kutoa pesa. Omba hivyo wakati wa kusajili.

Hatua ya 2: Elewa pesa yako iko wapi

Salio unaloliona kwenye simu halikai kwenye kampuni ya simu kama mali yake. Kanuni za pesa za kielektroniki zinataka kila shilingi iliyo kwenye simu za wateja iwe na shilingi halisi inayolingana nayo, iliyowekwa benki kwenye akaunti maalumu ya udhamini, mbali na fedha za kampuni. Kampuni hairuhusiwi kuichukua ikajengea mnara au ikalipia mishahara. Ndiyo maana simu ikiibiwa au laini ikikatika salio halipotei. Unarudisha laini kwa kitambulisho chako na unalikuta.

Pesa hizo zikikaa benki zinazaa faida, na utaratibu wa Tanzania ni kwamba faida hiyo iwafae wateja. Tigo Pesa, ambayo siku hizi inaitwa Mixx by Yas, ilianza kugawa faida kwa watumiaji wake mwaka 2014, na mitandao mingine ikafuata. Ukipokea ujumbe wa gawio kutoka kwa mtandao wako, hiyo si zawadi ya kampuni. Ni matunda ya pesa yako, na una haki ya kuuliza yamepigiwaje hesabu.

Kuna vikomo pia. Mwezi Mei 2020, wakati wa Korona, BoT ilipandisha kiwango cha miamala kwa siku kutoka shilingi 3,000,000 hadi 5,000,000, na salio la juu kutoka 5,000,000 hadi 10,000,000 kwa mteja wa kawaida. Lengo lilikuwa watu wapunguze kushika noti. Biashara yako ikianza kugonga ukomo, usigawe mauzo kwenye laini tatu za ndugu. Omba akaunti ya biashara, ambayo ina vikomo vyake, au unganisha lipa namba na akaunti ya benki.

Hatua ya 3: Chukua lipa namba, na usichukue nne

Lipa namba unaipata kwa wakala mkuu, duka la mtandao au benki. Mjasiriamali mdogo kwa kawaida ataombwa kitambulisho cha Taifa. Biashara iliyosajiliwa itaombwa pia TIN (namba ya mlipakodi) na leseni. Soma jina litakaloandikwa. Jina ambalo mteja analiona kabla ya kuweka namba ya siri ndilo linalompa imani, kwa hiyo liwe lile lile lililo kwenye bango la duka.

Zamani ulilazimika kuwa na namba kwa kila mtandao. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2014, Airtel, Tigo na Zantel zilipokubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani kufika hapo, na kampuni zenyewe ndizo zilizokaa mezani kuelewana, wala hazikushurutishwa kwa amri. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliowasaidia watu wa kawaida kuliko tangazo lolote la uhamasishaji.

Kasoro ya mpango ule ilikuwa kwamba kila kampuni ilibidi iunganishwe na kila kampuni nyingine peke yake. BoT ikajenga kituo kimoja cha kati, TIPS, yaani mfumo wa malipo ya papo kwa papo, kinachounganisha mabenki na mitandao ya simu mahali pamoja. Juu yake ukaja msimbo mmoja wa taifa wa kuskani, TANQR. Mteja wa Airtel, wa HaloPesa au wa benki anaweza kuelekeza kamera kwenye karatasi ile ile moja na kulipa.

Kwa hiyo chukua lipa namba moja yenye TANQR, ichape kwa ukubwa unaosomeka, iwekee plastiki ngumu. Kisha kila asubuhi ukifungua duka, iangalie. Wapo matapeli wanaobandika karatasi yao juu ya ya kwako, na siku nzima wateja wako wakawa wanamlipa mtu mwingine. Jilipe shilingi chache mwenyewe mara kwa mara uone jina linalotokea.

Usisahau wateja wa simu za kitochi. Hao hawaskani chochote. Wanapiga menyu, *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Andika namba yako kwa tarakimu kubwa chini ya msimbo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya makato kabla ya kupanga bei

Hapa ndipo serikali huonekana ikivuta kamba pande zote mbili, na ni vizuri kuielewa historia yake.

Mwezi Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu. Kila aliyetuma au kutoa pesa alikatwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni yaliyokuwapo tayari. Nia ilielezwa wazi: vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Vituo vikajengwa kweli. Lakini mama aliyetaka kumtumia mwanawe nauli ya shule alikuwa analipa makato mawili, na mwanawe akienda kutoa anakatwa tena. Watu wakarudi kutumiana noti kwa makondakta wa mabasi. Miamala ya kutumiana pesa ikashuka.

Kelele zikasikika. Mwezi Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, lakini tozo ikapanuliwa kugusa miamala ya benki, kelele zikaanza upya, na kuanzia Oktoba 2022 sehemu ya makato ya benki ikaondolewa. Bajeti ya 2023/24 ikafuta tozo ya kutuma pesa. Ile ya kutoa ikabaki.

Nayaandika haya kwa sababu wako wanaoamini makato ya simu hayabadiliki. Yalibadilika ndani ya miaka miwili kwa sababu wananchi walilalamika na takwimu za miamala zikawaunga mkono. Kila mwezi wa Juni bajeti inaposomwa bungeni, sikiliza kipande cha malipo ya kielektroniki kwa makini kama unavyosikiliza bei ya mafuta.

Na kwa sababu iliyobaki ni tozo ya kutoa, mbinu ya kupunguza gharama iko wazi: pesa ikiingia kwenye simu, iache izunguke humo humo. Mlipe muuzaji wako wa jumla Kariakoo kwa lipa namba yake. Nunua umeme kwa simu. Mlipe kijana wa dukani kwa simu kama yuko tayari. Mfanyabiashara anayepokea kwa lipa namba mchana na kutoa zote kwa wakala jioni anabeba gharama za dunia mbili na hapati faida ya hata moja.

Kabla ya kusaini, muulize anayekusajili maswali haya: mteja wangu akinilipa anakatwa nini? Mimi nikipokea nakatwa nini? Nikihamishia benki, na nikitoa taslimu kwa wakala, ni kiasi gani? Kanuni za BoT za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aweke gharama wazi kabla hujakubali. Asiyekupa jibu la maandishi hajatimiza wajibu wake.

Jambo la wakala pia lifahamu. Kanuni za 2015 zilikataza kampuni kumfunga wakala afanye kazi na mtandao mmoja tu. Ndiyo maana kibanda kimoja kina rangi zote. Wakala anayekuambia "ongeza mia mbili ya kwangu" anakutoza kinyume cha utaratibu, kwani malipo yake ni kamisheni anayopewa na kampuni. Mwambie hivyo kwa adabu, na akishikilia, chukua namba yake ya uwakala.

Hatua ya 5: Pokea pesa bila kuibiwa

Hatua hii naomba uisome taratibu, kwa kuwa hakuna sheria itakayorudisha bidhaa iliyokwisha kutoka dukani.

Ujumbe mfupi si malipo. Mtu yeyote anaweza kuandika ujumbe unaofanana na wa mtandao na kukutumia kutoka namba ya kawaida. Pesa imeingia pale tu salio lako linapoongezeka kwenye menyu au kwenye programu ya biashara. Mteja akikuonyesha skrini yake yenye neno "umefanikiwa", mshukuru, kisha angalia simu yako. Picha ya skrini inaweza kutengenezwa. Mtandao ukiwa unasuasua, mwambie asubiri; mteja mwaminifu ataelewa.

Anayedai amekutumia kimakosa na anataka umrudishie mara moja, usimrudishie kwa mkono wako. Huo ni mtego wa siku nyingi. Mara nyingi ujumbe ni wa uongo, unatuma pesa yako mwenyewe. Wakati mwingine pesa ni ya kweli, unairudisha, kisha yeye anaomba mtandao uurudishe ule muamala wa kwanza, na unapoteza mara mbili. Jibu sahihi ni moja: "Piga huduma kwa wateja 100, wao watairudisha." Kama alikosea kweli, atapiga.

Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" unaujua. Usiujibu. Chukua namba iliyoutuma uipeleke 15040, ni namba ya TCRA ya kuripoti matapeli, ili laini ifungwe.

Namba ya siri ni yako peke yako. Mhudumu wa kampuni hana sababu ya kuiuliza, wakala hana sababu ya kuiuliza, na anayejiita wa Benki Kuu ndiye kabisa. Kwa wazazi wetu wanaowapa wakala simu na namba ya siri kwa sababu macho hayaoni vizuri: wasaidie kupata mtu mmoja wa nyumbani wa kuwafanyia, na waache kuikariri kwa sauti kibandani. Nimeliona mara nyingi mno na linaniuma.

Hatua ya 6: Kulipa serikali

Fupi tu. Tangu mwaka 2017 malipo ya serikali yalianza kupitishwa kwenye mfumo mmoja, GePG, unaokupa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba. Ada ya leseni, faini ya barabarani, kodi, ankara ya maji, zote zina namba yake. Usimpe ofisa yeyote taslimu wala usimtumie kwenye namba yake binafsi. Omba namba ya kumbukumbu, iingize kwenye menyu ya malipo ya serikali, angalia jina la taasisi na kiasi, ndipo uthibitishe. Kama hakuna namba ya kumbukumbu, uliza hiyo pesa inakwenda wapi. Hata pantoni ya Kigamboni imetoka kwenye tiketi za karatasi ikaingia kwenye N-Card, kadi ya malipo ya kielektroniki.

Hatua ya 7: Kumbukumbu na kodi

Ujumbe wa muamala hauchukui nafasi ya risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi. Kama unapaswa kutoa risiti, itoe hata kwa aliyelipa kwa simu. Kwa upande wa uhamasishaji, serikali katika bajeti ya 2025/26 ilitangaza kushusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi asiyesajiliwa na VAT anayelipa kwa njia ya kielektroniki. Kama umesajiliwa na VAT, muone mhasibu wako au Mamlaka ya Mapato, TRA, juu ya namna ya kuitoza kwenye mashine, kwa sababu bei ya mlipaji wa taslimu na ya mlipaji wa simu haziwi sawa tena.

Pakua taarifa ya miamala kila mwezi uitunze. Benki inayotaka kukukopesha itaiamini kuliko daftari. Na hapo nitoe tahadhari: programu za mikopo ya haraka zinavutia kwa sababu pesa inaingia kwenye simu ndani ya dakika. Nyingi ziliwanyanyasa watu, zikawapigia ndugu na majirani kuwaaibisha. Novemba 2024 BoT ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Orodha ya wakopeshaji wenye leseni iko kwenye tovuti ya BoT. Lisipokuwemo jina, usiipakue, na zaidi ya yote usiiruhusu kusoma majina yaliyo kwenye simu yako.

Hatua ya 8: Mambo yakiharibika

Ukituma pesa namba isiyo sahihi, kila dakika ina thamani, kwa sababu mtandao unaweza kuizuia pesa ikiwa mpokeaji bado hajaitumia. Tumia kipengele cha kurudisha muamala kwenye menyu kama mtandao wako unacho, au piga 100. Taja namba ya muamala, kiasi, muda na namba uliyokusudia. Kama pesa imevuka mtandao au imekwenda benki, tegemea kuchelewa, lakini usikubali kuambiwa haiwezekani kufuatiliwa. Kila muamala una kumbukumbu.

Ukilalamika, dai namba ya malalamiko. Iandike pamoja na tarehe, saa na jina la aliyekuhudumia. Malalamiko ya mdomo yasiyo na namba hayapo kwenye mfumo, na kesho ukipiga utaanza upya.

Mtoa huduma akikupiga chenga, au jibu lake halikuridhishi, nenda BoT. Ina utaratibu wa kupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na mfumo wa mtandaoni uitwao Sema na BoT. Asiye na intaneti anaweza kupeleka barua kwenye tawi: Arusha, Dodoma, Mbeya, Mtwara, Mwanza au Zanzibar. Huhitaji wakili. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja unatosha: wewe ni nani, mtandao au benki gani, nini kilitokea na lini, ulilalamika kwa nani na ukajibiwa nini, unataka ufanyiwe nini. Ambatanisha nakala ya ujumbe wa muamala, taarifa ya miamala ya siku hiyo na ile namba ya malalamiko. Kama ni wizi, weka pia nakala ya RB, namba ya taarifa uliyopewa na polisi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.